Tope la Sabaki: anayelima kilimani yuko mbali, anayelipa yuko Malindi. Huu ushirikiano wa hifadhi ya ardhi Afrika unatufikia lini?

#1 NahodhaWaShela (Malindi)

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Uzi mrefu huu. Mwenye haraka apite, akirudi ataukuta palepale.

Jumapili nilikwenda hadi daraja la Sabaki na ndoo, kamba na chupa ya lita moja. Huku mjini halijadondoka hata tone wiki nzima, lakini bara ilikuwa imenyesha, na mto ulishuka mwekundu, umebeba vijiti, mabua ya mahindi na kandambili moja ya mtoto. Nikateka, nikajaza chupa, nikaiweka kwenye dirisha la jikoni. Mke wangu akauliza hiyo ni dawa ya nani. Asubuhi dawa ilikuwa imejitenga: juu maji ya manjano, chini tope la vidole viwili. Nilipolisugua kwa kidole gumba likang'aa. Ule ni ulanga, vile vijigamba ambavyo wageni wakiviona ufuoni hudhani wameokota dhahabu. Malindi hatuna jiwe la ulanga. Jiwe letu ni la matumbawe. Ule umetoka bara, umesafiri mamia ya kilomita kuja kulala dirishani kwangu.

Kwa wasioujua mto wetu: ndio wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana, na una majina matatu kama mtu anayekimbia madeni. Unapoanzia, upande wa Ngong na Kikuyu, unaitwa Athi. Unapokea mto Nairobi na takataka zake, unauzunguka mlima wa Ol Donyo Sabuk, unashuka Machakos na Makueni. Ndani ya Tsavo unakutana na mto Tsavo, hapo jina linageuka Galana. Ukikaribia pwani ndio Sabaki. Na huo mto Tsavo nao unapata sehemu ya maji yake miguuni mwa Kilimanjaro, kwa hiyo kabla hatujafika mbali tumeshavuka mpaka.

Mimi kazi yangu ni boti ya kioo. Napeleka watu kuona matumbawe katika hifadhi ya bahari, hii ya 1968, miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika. Kaskazi likishika, maji ya Sabaki yanasukumwa kusini, yaani kwetu. Kusi likivuma yanageukia Mambrui na ghuba ya Ungwana. Balaa ni kwamba kaskazi linaanza mvua za vuli zikiwa bado zinapiga bara, na ndio msimu wa wageni. Desemba moja nilikuwa na watu wanane botini, maji mazito kama uji wa wimbi, kioo hakionyeshi kitu. Mtoto mmoja akaniuliza, "Samaki wako wapi?" Nikamwambia wamelala. Tukirudi nikapita mahali nilipokuwa nikipita kila siku na baba yangu kabla yangu, nikapanda fungu ambalo mwaka uliotangulia halikuwepo. Pampu ya mashine ikanyonya tope, mashine ikachemka. Nikarudisha pesa za watu wanane na fundi nikamlipa siku sita za kazi.

Wazee wetu wanaonyesha hoteli zilizojengwa ukingoni mwa maji ambazo leo unatembea mchanga mpaka uchoke ndipo uloweshe mguu. Gati nalo maji yakipwa ni kama daraja la jangwani.

Sasa kilichonifanya niandike. Mwaka jana nilialikwa, kama mwakilishi wa wenye maboti, kwenye warsha ya ushirikiano wa kanda kuhusu hifadhi ya ardhi. Waandaaji siwataji. Tulipewa begi la kitambaa, daftari, na beji iliyoandikwa "mdau". Wageni walitoka nchi sita. Nilisikia mengi na sikudharau. Kumbe mikataba haijakosekana hata kidogo: 1994 dunia ilikubaliana mkataba wa kupambana na kuenea kwa jangwa, 2005 ikaja TerrAfrica ya kuzikalisha serikali na wafadhili pamoja, 2007 Umoja wa Afrika ukaanzisha Ukuta Mkuu wa Kijani, ukanda wa miti na mimea wa kuikata Sahel, ile nchi kame iliyo kusini ya Sahara, kutoka Senegal hadi Jibuti, Desemba 2015 kule Paris ikatangazwa AFR100, hekta milioni 100 za ardhi iliyochoka zirudishiwe uhai ifikapo 2030. Kenya imeahidi milioni 5.1, Tanzania milioni 5.2.

Siku mbili zile zilikuwa hekta tupu. Hekta zilizoahidiwa, hekta zilizopandwa, hekta zinazotafutiwa fedha. Nikanyoosha mkono nikauliza: ni nani anayepima maji yanayotoka? Maana ardhi ikishikwa vizuri kule juu, mimi nitajua bila ripoti, nitaona kwenye kioo cha boti. Mwenyekiti akasema, "Hoja nzuri, tumeichukua." Wakaichukua kweli, maana sijaiona tena. Tukaenda kula biriani.

Karibuni. Walioko juu ya mto ndio ninaowataka hasa.

#2 PwezaMkavu (Watamu)

Kaka, hiyo chupa usiitupe, weka kibandiko uuze, kuna watu wanapaka tope usoni kwa pesa ya kigeni.

Ila umesema kweli kuhusu fungu. Mjomba wangu anasema ramani ya bahari ya Malindi inafaa ichorwe kwa penseli.

#3 MkaaMambrui

Nahodha, nakuheshimu lakini leo umevuta upande wako. Sabaki ni mto, si bomba la hoteli. Mito hubeba udongo tangu dunia kuumbwa. Sisi wa Mambrui na Ngomeni tunaovua kamba tunajua: mto ukishuka na tope lake, baada ya muda kamba wanakuja. Ghuba ya Ungwana inaishi kwa Tana na Sabaki. Yafanye maji yawe meupe kama ya Watamu uone kama utapata kamba wa kuweka kwenye hiyo biriani.

Pili, tope hilo hilo linatengeneza ardhi. Mlangoni mwa mto kuna viota vya ndege, kuna mikoko imeota pasipokuwa na kitu. Na kuna mchanga mpya ambao, uliza uambiwe, haujakauka vizuri umeshapigwa vigingi na mtu anakuonyesha karatasi kwamba ni wake. Babu yako aliwahi kuvua juu ya kiwanja cha mtu? Wangu alivua. Warsha zijadili hilo kwanza.

Tatu, wenye maboti mmetia nanga juu ya matumbawe miaka mingapi kabla hamjalazimishwa kutumia maboya? Tope lisibebe dhambi zote.

#4 MwanafunziWaBahari (Kilifi)

Kaka wa Mambrui yuko sawa kwamba mto una haki ya kuwa na tope. Swali ni kiasi, na kwa bahati nzuri tunaye shahidi aliyekaa baharini miaka 300 akiandika.

Tumbawe hukua kwa tabaka, mwaka kwa mwaka, kama pete za mti. Udongo ukifika baharini huachia madini ya bariamu, na tumbawe huyaingiza katika mifupa yake linapojijenga. Watafiti walitoboa tumbawe kubwa la hapa Malindi, wakatoa kipande kirefu kama fimbo, wakapima bariamu tabaka baada ya tabaka. Matokeo yalichapishwa 2007. Ukisoma kuanzia miaka ya 1700 mstari wa vipimo unakwenda chini chini, na mafuriko yanaonekana kama vituta. Ukifika mwanzoni mwa karne ya 20 mstari unapanda, na haurudi tena ulikokuwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ni lini? Ni reli imeshapita, walowezi wamechukua ardhi nzuri, Wakamba wamebanwa kwenye maeneo waliyopimiwa, milima inalimwa ambayo haikuwa ikilimwa, na ng'ombe wale wale wanalishia nusu ya malisho. Yaani tope la Nahodha lina historia ya siasa ndani yake. Mkulima wa leo aliikuta mteremkoni, hakuianzisha.

Na kamba ni kweli wanapenda maji ya mto, lakini nyasi za bahari na matumbawe yakifunikwa hayapati mwanga. Kinachomlisha mmoja kikizidi kinamziba mwenziwe.

#5 JembeLaMwala (Machakos)

Habari zenu watu wa bahari. Nimetumiwa uzi huu na shemeji yangu anayefanya kazi hapo Malindi, akaandika tu: "Mnaitwa." Basi nimeitika.

Shamba letu liko kwenye mteremko ambao ukidondosha chungwa utalifuata mpaka mtoni. Nitawaeleza tunavyofanya, maana naona mnaongea hekta na bariamu lakini hakuna aliyeshika jembe.

Kitu cha kwanza ni mstari. Mnatafuta usawa kuvuka mteremko, si kushuka nao. Sisi tunatumia fito mbili zenye urefu sawa, kamba katikati, na pima maji ya fundi ikining'inia kwenye kamba. Mmoja anasimama na fito moja, mwingine anapanda na kushuka na nyingine mpaka kipovu kikae katikati, wa tatu anapigilia kigingi. Ukikosea hapo, mvua ya kwanza itakuonyesha ulipokosea, itakusanyika pale pale na kupasua. Kisha mnachimba mtaro, upana kama sentimita 60 na kina hivyo hivyo, na udongo wote mnautupa upande wa juu. Ndiyo sababu unaitwa fanya juu. Ukiutupa chini ni fanya chini, ni rahisi zaidi kwa mgongo lakini haukupi ngazi upesi. Juu ya tuta unapanda majani, makarikari au matete ya ng'ombe, ndiyo yanayofunga. Baada ya miaka kadhaa udongo unaoteremka unajaa nyuma ya tuta, na mteremko unageuka ngazi wenyewe. Hakuna tingatinga.

Mita moja ya mtaro huo kwenye udongo mkavu wa Septemba ni jasho. Baba aliumaliza mteremko wetu kwa mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana, leo kwangu kesho kwako, na mama alipika. Hakuna mfadhili aliyeleta begi la kitambaa. Alifanya kwa sababu alikuwa na michungwa na kahawa, na soko la Nairobi lilikuwa hapo. Maji yakibaki shambani unavuna. Nahodha, nisamehe, lakini hatujawahi kuchimba mtaro kwa ajili ya boti ya kioo. Hata sikujua ipo.

Jirani yangu wa upande wa chini hana ngazi. Amekodi, mkataba wa msimu mmoja mmoja. Ni mjinga? Hapana. Kwa nini achimbe mtaro utakaolipa baada ya miaka mitano, mwakani asipopewa shamba? Udongo mnaouona dirishani mwingi ni wa watu kama yeye, na wa barabara za vumbi ambazo mtaro wake unamwagia maji mashambani, na wa mito ya msimu iliyochimbwa mchanga wa kujenga Nairobi mpaka kingo zikaanguka. Makueni angalau walitunga sheria ya mchanga 2015. Uliza malori yanapita saa ngapi usiku.

#6 PwezaMkavu (Watamu)

Chungwa nimeliona likiteremka.

#7 KiamuAsili (Lamu)

Nimefurahi ndugu wa Mwala kusema baba yake alifanya kwa hiari. Maana kuna waliotangulia kulazimishwa, na kisa chao kinaishia kwetu.

1938 serikali ya mkoloni ilisema Ukambani udongo unaisha kwa sababu ng'ombe wamezidi. Dawa yake ikawa kuwanyang'anya watu ng'ombe na kuwauza. Wakamba wakatembea mpaka Nairobi, wanaume kwa wanawake, wakapiga kambi wakitaka kumwona gavana. Aliyewaongoza ni Muindi Mbingu, yule wa barabara ya Nairobi. Walirudishiwa ng'ombe, lakini yeye alikamatwa akahamishwa kwao. Akaletwa Lamu! Mtu aliyepinga hifadhi ya udongo ya kulazimishwa akafungiwa pwani. Mimi kila nikisikia neno "programu ya kanda" namkumbuka yeye.

Na msidhani mambo haya yameisha na mkoloni. Huku kwetu ndiko kuliko na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Watu wetu wanakata boriti tangu enzi za majahazi ya Arabuni, wanajua fito ni ipi, pau ni ipi, mazio, boriti, nguzo, na kipi kiachwe kikue. 2018 ilitangazwa marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma na ya jamii nchi nzima kwa sababu misitu ya milimani inaisha. Mkata mikoko wa Lamu akafungiwa kazi kwa kosa lililofanyika kwenye chemchemi za bara. Kwa miezi mingi watu walikaa barazani bila kazi. Hata kama nia ilikuwa nzuri, aliyeandika amri hakuwa na habari ya mazio wala pau.

#8 Mnyantuzu_Halisi (Shinyanga)

Wakuu salaam kutoka Tanzania. Kiamu umegusa penyewe, na huku kwetu tuna majibu mawili ya swali hilo hilo.

Jibu la kwanza ni Kondoa. 1973 ulianza mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma. Vilima vya Kondoa vilikuwa vimechimbika makorongo ya kuzamisha nyumba. 1979 serikali ikaamua mifugo yote itoke, ikatoka. Miti ilirudi, hilo halikataliki, ukienda leo utaona. Lakini waulize wenye ng'ombe walikwenda nao wapi. Walikwenda kuchosha ardhi ya wenzao.

Jibu la pili ni kwetu. Wasukuma tangu zamani tuna ngitili, kipande cha malisho kinachofungwa masika, nyasi zikasimama, kikafunguliwa kiangazi ng'ombe wakiwa mbavu nje. Kuna ya familia na kuna ya kijiji. Miti ilifyekwa kwanza kuwaondoa mbung'o, halafu katikati ya miaka ya 1970 ikaja operesheni ya vijiji, watu wakahamishwa, ngitili za wazee zikabaki hazina mwenyewe. Shinyanga ikawa vumbi. Mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza 1986 ulianza na miche ya kitaluni kama kawaida ya miradi, na mchwa wakashukuru. Baadaye wakapata akili ya kuwauliza wazee, wazee wakasema: rudisheni ngitili. Mwenye eneo analifunga mwenyewe, walinzi wa jadi, sungusungu, wanakamata wakorofi, faini inajulikana. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimerudi zaidi ya hekta 300,000, kwa maelfu ya vipande vidogo vidogo. Hakuna aliyezipanda. Visiki vilikuwa hai chini, vikaachwa vipumue.

Na hapo ndipo naona ushirikiano wa kweli. Dodoma siku hizi wana kitu wanakiita Kisiki Hai: unachagua machipukizi mawili matatu kwenye kisiki, unapogoa, unaweka alama ya kitambaa watu wasikate. Jina la Kiswahili, mbinu ilivumishwa kutoka Niger, ambako wakulima wa Maradi na Zinder wamerudisha miti kwenye hekta kama milioni tano kwa kisu tu. Mkulima wa Niger hajui Kigogo, wala Mgogo hajui Kihausa. Lakini mbinu ilivuka kwa sababu haihitaji bajeti.

#9 MkaaMambrui

Mchwa wakashukuru 😂

Hiyo nitaiiba.

#10 MstaafuWaKilimo (Nakuru)

Nimesoma kimya, nimefanya kazi ya ugani maisha yangu yote, acha niongeze machache kabla macho hayajachoka.

Ndugu wa Mwala, hiyo fanya juu yako imesafiri kuliko wewe. Kuanzia miaka ya 1980 palikuwa na kitengo cha kanda hapa Nairobi kilichofadhiliwa na Waswidi, baadaye kikaitwa RELMA. Kilichukua yaliyofanyika Machakos na kwingineko, kikachapisha vitabu vya mafunzo, kikawakutanisha maafisa wa Ethiopia, Uganda, Tanzania na Zambia, na cha maana zaidi kikawasafirisha wakulima wenyewe kuonana. Leo fungua mwongozo wa hifadhi ya udongo wa Ethiopia utakuta neno "fanya juu" limeandikwa hivyo hivyo kwa Kiswahili. Yale mabwawa ya mchanga ya Ukambani, ukuta kukatisha mto wa msimu, mchanga ukajaa nyuma na maji yakajificha ndani yake, nayo yamefika Msumbiji na Zimbabwe. Fedha za Waswidi zilikwisha, maneno yakabaki.

Nahodha, swali lako la nani alipe lina mfano karibu na wewe, ila uko kwenye mto mwingine. 2015 ilianzishwa hazina ya maji ya Tana ya juu. Nairobi inakunywa maji ya Tana, na umeme mwingi wa mabwawa unatoka huko huko, Masinga, Kamburu, Gitaru na wenzake. Tope likijaa bwawani umeme unapungua, na kiwanda cha kusafisha maji kinatumia dawa nyingi zaidi. Kwa hiyo wanaokunywa, wanaofua umeme na wanaotengeneza vinywaji wakakubali kuweka fedha kwa mkulima wa Murang'a na Nyeri. Anapewa mbegu za majani, karatasi ya plastiki ya kutandika kwenye kidimbwi cha maji ya mvua, miche, mtaalamu wa kumwonyesha. Hapewi mshahara wa kuacha kulima. Anapewa kitu kinachomfaa shambani na kwa bahati kinamfaa wa chini.

Kwenye Athi hadi Sabaki jambo hilo ni gumu zaidi, na sababu ni moja: mlipaji tajiri yuko katikati au juu, hayuko mwishoni. Mwishoni mko nyinyi na kamba wenu.

Mwaka wa 2010, kabla sijastaafu, nchi za bahari hii, zile zilizo chini ya mkataba wa Nairobi wa 1985, zilikubaliana itifaki ya kulinda bahari na uchafu unaotoka nchi kavu. Tope limo ndani yake. Sikumbuki hata siku moja afisa kilimo wa wilaya kuletewa nakala. Itifaki ilikaa upande wa mazingira, sisi tulikuwa upande wa kilimo, na kati ya ofisi mbili hizo palikuwa na ngazi moja ya jengo.

#11 NahodhaWaShela (Malindi)

Nimesoma yote mara mbili. Nimerudi kutoka baharini, nina chumvi mpaka masikioni, mnivumilie.

Mkaa, la nanga nakubali. Sisi wenyewe tuliharibu, na baba yangu alikuwa mmoja wao, Mungu amrehemu. La vigingi kwenye mchanga mpya sikulitia kwa woga tu, nawe umelisema. La kamba nimelifikiria sana. Sitaki mto mweupe. Nautaka ule wa kabla mstari wa tumbawe haujapanda, uliokuwa unakulisha wewe na kuniachia mimi nafasi.

Jembe, umenichoma uliposema hukujua boti ipo. Mimi pia sikujua mtaro upo! Miaka ishirini natukana "watu wa bara" kila Desemba, na kumbe wengine wao wameshikilia udongo kwa mgongo wao bila mtu kuwaambia ahsante. Ungekuja kwenye ile warsha ungekaa meza gani? Waliokuwa pale ni mawizara, miradi, na sisi wa mapambo. Mkulima hakuwepo hata mmoja. Na jirani yako wa kukodi ndiye aliyefaa kukaa mbele kabisa, maana mkataba wake wa msimu mmoja ndio unaojaza fungu langu.

Kwa hiyo naanza kuliona hivi. Sidai mkutano mwingine wa nchi kumi. Mstaafu na Mnyantuzu wamesema yaliyovuka mipaka na kubaki: neno la mkulima, fito mbili na pima maji, kisu cha kupogolea. Yaliyokwama ni yale yaliyokwenda kutoka ofisi hadi ofisi. Basi wenye fedha za kanda wangelipa nauli. Wangemtoa Jembe na jirani yake wakaletwa mlangoni mwa Sabaki wakati wa mvua, wakapanda boti yangu bure, waone. Wangemtoa Mkaa na mimi tukapelekwa Mwala tukachimbe mita moja Septemba, tujue bei ya mita moja. Mnyantuzu atufundishe faini za sungusungu. Halafu tukae, mwenye shamba awepo pia, tuulizane: mkataba wa miaka mitano unagharimu nini, na nani ataongeza kilichopungua. Hoteli zetu hapa zinalipa kuchota mchanga na kuzoa magugu maji ufuoni. Sehemu ya fedha hiyo ikipanda juu ya mto ni nini cha ajabu?

Na kipimo kiwe cha kuonekana. Hekta mtu anaweza kuziandika akiwa ofisini. Chupa huwezi.

#12 KiamuAsili (Lamu)

Kwenye orodha ya wasafiri usisahau mtu wa Kipini, mlangoni mwa Tana. Tana nayo ina yake, na wale mabwawa ya juu yamewanyima tope walilolizoea la kulimia mpunga. Wao wanalia limepungua, nyinyi mnalia limezidi.

#13 NahodhaWaShela (Malindi)

Subhanallah. Hilo sikuwa nalo kabisa. Aje.

#14 JembeLaMwala (Machakos)

Nauli tuiache kwanza, tusije tukangoja mpaka 2030. La chupa tunaweza bila mtu. Vuli ikianza nitateka mahali pawili: mfereji unaotoka kwenye ngazi zangu, na ule unaotoka kwa jirani, mvua moja, saa moja. Nimemweleza, amecheka, amesema kama ni mashindano basi atapanda mstari mmoja wa majani angalau asiaibike. Majani nimempa mimi. Wewe teka darajani siku maji hayo yakifika. Ni siku ngapi?

#15 NahodhaWaShela (Malindi)

Hapo ndipo pa kujua. Mimi huona mto umegeuka rangi ndipo nasikia redioni kwamba bara kulinyesha. Safari hii utaniambia wewe mapema, nami nitahesabu.

#16 Mnyantuzu_Halisi (Shinyanga)

Mimi sina mto unaokuja kwenu lakini nitateka korongo la kijijini, moja chini ya ngitili na moja chini ya shamba la pamba. Tuelewane kwanza chupa ni ya nusu lita au lita nzima? Tusije tukabishana vidole.

#17 NahodhaWaShela (Malindi)

Lita nzima. Ya plastiki nyeupe, ndefu, si ile yenye kiuno. Na mbandue karatasi ya nje, tope lionekane mpaka chini.